Hata Akifa Mbwa, Tuambieni

Naomba nafasi nichangie jambo ambalo wengine wataliona dogo. Nazungumzia mbwa wa nyumbani, yule uliyemwacha getini siku unaondoka kuja shule huku Guangzhou, na jinsi wazee wetu wanavyotuficha anapokufa. Hoja yangu ni fupi: tuambiwe. Na kama anaumwa au amezeeka, tuambiwe mapema ili tumuage.

Wengi wetu tunaijua hadithi hii. Unapiga simu WeChat, huku saa nne usiku, nyumbani saa kumi na moja jioni. Unauliza habari, unajibiwa nzuri, wote wazima. Unamuulizia Simba. "Yupo, siku hizi analala tu." Miezi inapita, Simba analala tu. Halafu siku moja dogo anateleza ulimi, kumbe alishazikwa nyuma ya banda la kuku tangu kabla ya Pasaka. Ukilalamika unaambiwa: "Ulikuwa na mitihani. Na isitoshe, si mbwa tu?"

Tuanze na hilo la "mbwa tu". Hapa lugha yetu haijatusaidia sana. Mtu anafariki, mbwa anakufa. Tena kumwita mtu mbwa ni tusi. Ndiyo maana ukimlilia mbwa wako wenzio wanakucheka, eti umeshakuwa Mzungu. Lakini lugha hiyohiyo ina neno pole, na hatulibanii. Tunampa pole aliyejikwaa, aliyenyeshewa na mvua, hata anayetoka kazini. Vipi likose kumfikia aliyefiwa na mbwa waliyekua pamoja miaka 12? Mbwa huyo alikesha nje ili nyinyi mlale ndani. Yale maneno "Mbwa Mkali" pale getini yalikuwa na maana kwa sababu yake.

Na kama ni uzungu, basi Confucius naye alikuwa Mzungu. Kitabu cha kale cha Wachina kiitwacho Liji kinasimulia kwamba mbwa wake alipokufa, alimwagiza mwanafunzi wake Zigong akamzike. Desturi ilikuwa kutunza mwavuli mkuukuu wa gari la farasi kwa ajili ya kumzikia mbwa. Confucius alikuwa maskini, hana mwavuli huo, akaagiza mbwa apewe walau mkeka, kichwa chake kisizame kwenye udongo. Mzee huyu alifariki mwaka 479 kabla ya Kristo. Sisi tunaosoma nchini kwake leo tunaona haya kusema tumefiwa na mbwa!

Wenzetu Waislamu, hasa wa Pwani na Visiwani, watasema mbwa ni najisi. Sawa, na hukumu hiyo naiheshimu, lakini inahusu tohara, haifuti huruma. Sura ya Al-Kahf inamtaja mbwa wa wale vijana wa pangoni, akilala mlangoni pao. Na katika hadithi za Bukhari yumo mtu aliyesamehewa na Mungu kwa kumteka maji kwa kiatu chake mbwa aliyekuwa na kiu. Kumhuzunikia mnyama aliyekulinda hakujawahi kuwa dhambi.

Hoja ya mitihani ndiyo nzito, kwa sababu wazazi wanaficha kwa mapenzi. Hawataki ulie peke yako bwenini na kesho una pepa. Lakini angalieni gharama yake. Salamu zetu zina utaratibu. Mtu wa kwetu hata akiwa na msiba ataanza na "nzuri", kisha inakuja ile "ila": nzuri, ila mtoto ana homa, njema, ila mzee kalazwa. Kila mtu anaijua na anaisubiri. Anayenificha habari ya mbwa ameiondoa hiyo "ila". Sasa kesho akiniambia bibi hajambo, nitajuaje? Mwanafunzi aliyedanganywa juu ya mbwa huacha kusikiliza maneno, anaanza kupima sauti. Anataka video amwone bibi akitembea. Kila simu isiyopokelewa inamnyima usingizi. Huwezi kusoma kwa amani namna hiyo. Mlimfichia jambo moja dogo, mkamwachia mashaka juu ya yote makubwa.

Kuna na suala la afya, ambalo halina mzaha. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa kichaa cha mbwa kinaua watu wapatao 59,000 kila mwaka, wengi wao Afrika na Asia. Dalili kwa kawaida huchukua miezi miwili au mitatu kutokea, na zikishatokea karibu hakuna anayepona. Sasa chukua mwanafunzi aliyekuwa likizo nyumbani, mbwa akamng'ata kidogo wakicheza, akapanda ndege kurudi Guangzhou. Wiki moja baadaye mbwa anaugua ghafla, anakufa, na nyumbani wananyamaza wasimsumbue. Huyo alitakiwa kuambiwa siku hiyohiyo, aoshe jeraha kwa sabuni na maji mengi kwa dakika 15, kisha awahi hospitali kupata chanjo. Hapa ukimya unaweza kuua.

Basi tufanyeje? Wazazi wetu, mbwa akizeeka, akiacha kula, au daktari wa mifugo akishauri achomwe sindano ya mwisho, tupigieni kabla. Shika simu karibu naye, niache nimwite jina lake mara mbili tatu. Pengine hataelewa sauti inatoka wapi, lakini nitakuwa nimemuaga. Kama kuna mtihani kesho, nipigieni jioni ukishaisha, siyo baada ya miezi sita. Niambieni nani alimchimbia shimo na yuko upande gani wa shamba, nikirudi nijue pa kusimama.

Na sisi tulioko huku tuwe na adabu ya msiba. Jirani yako bwenini akisema mbwa wao amekufa, usicheke. Mpe pole, mle pamoja usiku huo, muulize alikuwaje. Pia mkataba huu uwe wa pande mbili: ukitaka uambiwe ukweli na nyumbani, usiwe wa kujibu "poa tu" huku umelazwa au umefeli somo.

Ukipiga simu wiki hii, ulizia watu wote, kisha mbwa. Wakikujibu nzuri, usikate simu. Waambie wakupe na "ila" yake, utaibeba.

Nawasilisha.