Seva Ndogo Nayo Ina Mlango

Nina ugomvi na msemo mmoja unaopendwa sana na wanafunzi wenzangu wa kompyuta hapa Kampala: "Seva yetu ni ndogo, nani atahangaika nayo?" Nauchukia kwa sababu niliwahi kuusema mimi mwenyewe.

Mwaka jana chama chetu cha Kiswahili kilinipa kazi ya kuweka seva ya barua pepe. Tulikodi seva pepe yenye kumbukumbu ya gigabaiti moja. Nikaweka Postfix na Dovecot, barua zikaenda, tukapiga makofi. Lakini nilikuwa nimesahau akaunti ya majaribio: jina "test", nywila "test". Siku ya tatu nilikuta maelfu ya barua taka kwenye foleni, zote kwa jina letu. Anwani yetu ikaingizwa katika orodha nyeusi. Mwenzetu mmoja alikuwa ameomba ufadhili kupitia seva hiyo. Ombi lake halikupokelewa, na siku ya mwisho ikapita. Nimwambie nini? Kwamba seva ilikuwa ndogo?

Mwizi wa mtandaoni hachagui. Programu zake hubisha hodi kwenye kila anwani usiku na mchana, zikijaribu nywila moja baada ya nyingine. Nayo SMTP, itifaki ya barua pepe ya mwaka 1982, haikuundwa ili imhoji mtumaji kama kweli ndiye anayejidai kuwa. Ulinzi ulikuja baadaye, na ni juu yako kuuweka.

Wapo wanaojitetea kwamba ulinzi ni ghali. Si kweli! Let's Encrypt hutoa vyeti vya TLS bure. Watumiaji wako waingie kupitia poti 587, kwa TLS na nywila ngumu. Poti 25 iachiwe seva nyingine zinazokuletea barua. Fail2ban huwafungia nje wanaokosea nywila mara kwa mara. SPF hutaja seva zinazoruhusiwa kutuma kwa jina lako, DKIM hutia barua sahihi, na DMARC humwelekeza mpokeaji afanye nini vikikosekana. Tangu Februari 2024 Gmail humtaka kila mtumaji awe walau na SPF au DKIM. Yote haya hayakunigharimu hata shilingi moja, ila jioni mbili za kusoma.

Wengine watasema, basi tuyaachie makampuni makubwa. Tukifanya hivyo, tutajifunza lini?

Lawama nyingine naipeleka darasani. Tunapewa alama barua ikifika. Hakuna anayeuliza ni nani mwingine anaweza kuipitisha yake. Nadai mtihani ubadilike: mwanafunzi aweke seva, kisha wenzake wajaribu kuivunja. Isiposimama, asipewe alama.

Mdharau mwiba mguu huota tende. Wangu uliota, na aliyechechemea ni mwenzangu.