Motere Inagonga: Tuulize Nini Kwanza?

Katika vilima vya Masisi na njia za Walikale, motere ya esansi ikibeba sana inaweza kugonga: ka-ka-ka! Mutoka nyingi za siku hizi ziko na kapteri iliyofungwa kwa bulo kwenye motere. Hiyo ni kama sikio. Ikisikia kugonga, inajulisha kompyuta, nayo inachelewesha moto wa bujie ili pistoni zisiharibike.

Basi, taa ya motere ikiwaka na nguvu ikipungua, msikimbilie kununua kapteri mpya.

Kwanza, esansi. Ile iliyochanganywa na mafuta ya taa inagongesha motere kweli. Hapo sikio halina kosa.

Pili, waya. Fundi aangalie kama zimeingia matope ao zimekatwa na panya.

Tatu, bulo. Ikilegea ao ikikazwa kupita kipimo, kapteri inasikia vibaya.

Mashine ya fundi ikionyesha P0325, inasema umeme wa njia ya kapteri hauko sawa. Haisemi kapteri imekufa.

Vijana, pimeni mbele ya kununua. Feza ya masomo ya watoto isilipe chombo ambacho kingali kizima.