Somo Lililomo Katika Supu ya Makongoro

Mwanafunzi wa Nachingwea au Ruangwa akiulizwa sayansi iko wapi, huenda akaelekeza kidole ng'ambo. Kosa ni letu sisi tunaomfundisha majina kabla ya vitu.

Tuanzie jikoni. Supu nzito ya makongoro ikilala usiku wa baridi, asubuhi huwa imeganda na hutikisika. Sababu ni hii: protini iitwayo kolajeni ni nyuzi tatu zilizosokotana kama kamba. Moto huzifumua zikawa jelatini. Zikipoa, sehemu zake hujisokota tena zenyewe na kunasa maji. Wavu huo uliojaa maji wataalamu huuita hidrojeli. Lakini ni dhaifu: joto la mchana wa Novemba latosha kuuyeyusha.

Je, wavu imara wawezekana? Mwaka 1993 Shuguang Zhang na wenzake wa MIT, Marekani, walieleza habari za peptaidi, yaani mnyororo mfupi wa asidi amino 16 tu, iliyojipanga yenyewe ikawa utando usioyeyushwa na joto, asidi wala alkali. Leo jeli za jamii hiyo hutumiwa na madaktari wapasuaji kuzuia damu.

Basi mwalimu asingoje maabara kamili. Wanafunzi na wapime kwa kipimajoto supu iliyoganda huyeyuka katika nyuzijoto ngapi. Kisha wachemshe ute wa yai, na waulize kwa nini huo haurudi tena kuwa majimaji. Aulizaye hivyo amekwisha kuanza utafiti.