Visiki Vilivyo Hai: Funzo la Ngitili za Shinyanga

Mtu asafiriye katika nyanda za Shinyanga huenda akadhani kwamba uwazi wa mbuga zile ni kazi ya maumbile peke yake. Sivyo. Sura ya nchi ile imechorwa kwa shoka, jembe na kwato za ng'ombe. Na nyuma ya shoka, aghalabu palikuwa na amri.

Tangu miaka ya 1920 serikali ya kikoloni iliongoza kazi ya kufyeka vichaka ili kuwaangamiza mbung'o, waenezao malale kwa watu na nagana kwa mifugo. Baadaye pamba ilidai mashamba mapya, mifugo ikaongezeka, na mahitaji ya kuni yakakua. Mnamo 1974 na 1975, watu walipohamishiwa katika vijiji, kaya nyingi ziliyaacha nyuma malisho ziliyokuwa zikiyatunza. Kila hatua ilikuwa na sababu yake, lakini kila hatua ilijibu swali moja tu. Mti ulihesabiwa kuwa maficho ya mbung'o, au kizuizi cha jembe, au kuni. Haukuulizwa ni kazi gani nyingine ulizokuwa ukifanya. Matokeo yake, mkoa huo ulifikia hata kuitwa jangwa la Tanzania.

Mwaka 1986 serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, yaani HASHI. Hapo mwanzo juhudi zilielekezwa katika vitalu na upandaji wa miche, mingi yake ikiwa ya kigeni. Njia hiyo ilihitaji maji mahali ambapo maji ni haba, na kazi ya mikono ya watu ambao hawakuichagua miti hiyo. Maendeleo makubwa yalipatikana pale wataalamu walipoigeukia desturi ya Wasukuma wenyewe: ngitili.

Ngitili ni eneo la malisho linalofungwa mvua zinapoanza, nyasi zikaachwa zikue, kisha likafunguliwa wakati wa kiangazi kikali, malisho mengine yanapokwisha. Sababu ya kufaulu kwake ni ya kisayansi kabisa. Mgunga uliokatwa si lazima uwe umekufa. Mizizi yake yaweza kuishi chini ya ardhi na kutoa machipukizi kila msimu, nayo mifugo huyala kila msimu. Mifugo ikizuiwa, chipukizi huwa mti pasipo kupandwa wala kumwagiliwa. Nyasi hupunguza nguvu ya matone ya mvua, maji hupata nafasi ya kupenya ardhini, na udongo hubaki mahali pake. Ngitili zilizofahamika mwaka 1986 zilikuwa na eneo la hekta 600 hivi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, katika mkoa wa Shinyanga wa wakati ule, kabla haujagawanywa mwaka 2012, makadirio yalizidi hekta 300,000.

Kutokana na hayo ni dhahiri kwamba idadi ya miche iliyopandwa si kipimo cha kutosha cha hifadhi. Miche huhesabiwa siku ya sherehe. Mti huhesabiwa baada ya miaka kumi. Mpango wowote wa ardhi hauna budi kuanza kwa kuuliza ni kitu gani kingali hai mahali hapo, chini ya udongo na katika desturi za watu.

Hata hivyo, ngitili nazo zisisifiwe kupita kiasi. Nyingi ni mali ya kaya moja moja, na mwenye ardhi kubwa ndiye awezaye kufunga sehemu yake. Maskini asiye na ardhi huona uzio ukipanda mahali alipozoea kuokota kuni na kukata nyasi za kuezekea. Ardhi iliyopona kwa kumfungia nje jirani haitadumu, maana usiku jirani huyo atarudi na shoka. Kwa hiyo ngitili za kijiji na za shule zastahili kulindwa kwa sheria ndogo zenye nguvu sawa na zile zilindazo mali ya mtu binafsi.

Shule ina nafasi yake katika jambo hili. Walimu wa biolojia na jiografia waweza kuzungushia uzio wa miiba pembe moja ya uwanja wa shule, na kuiacha pembe nyingine wazi. Kila muhula wanafunzi wahesabu machipukizi, wapime urefu wake, na waangalie baada ya mvua ni upande upi maji yanapita yakiwa na tope. Mwanafunzi aliyeyaona hayo kwa macho yake hatahitaji kuambiwa kwamba binadamu ndiye aibadilishaye nchi. Atakuwa amekwisha kujua pia kwamba kisiki si mwisho wa mti.