Seva Iwe Yetu, na Ufunguo Uwe Wetu

Ndugu wanachama, siku hizi kila ofisi yataka kompyuta. Jambo hilo ni jema, lakini kutaka ni kitu kimoja na kuchagua ni kitu kingine. Ofisi ya Mwandiga yenye meza 8 haina haja ya kompyuta 8 kamili, kila moja na diski yake na virusi vyake, na daftari la wanachama limetawanyika vipande 8.

Iko njia nyingine. Hununuliwa seva yenye nguvu, na mezani huwekwa mashine ndogo zisizo na diski. Karani awashapo mashine yake, mashine huita seva kwa waya wa mtandao. Seva huipa anwani na kuipelekea programu. Kazi yote hukaa mahali pamoja. Mashine ikiharibika hubadilishwa, wala haipotei hata barua moja. Mwizi akiichukua, huondoka na kasha tupu. Tena nyingi hula wati 10 hadi 20 tu, ukiacha kioo. Watu wa Kigoma, tulioishi miaka mingi kwa jenereta za mafuta, twajua maana ya kubana umeme.

Wako wanaopinga. Husema seva ikifa, ofisi nzima imekufa. Wasema kweli, wala tusiwabeze: mtumbwi ukizama ziwani, huzama na wote waliomo. Kwa hiyo iwepo seva ya akiba, ziwepo betri za kuishikilia umeme ukikatika, na nakala ya kila jioni iwekwe nyumba nyingine. Ofisi yenye meza 2 isijisumbue na gharama hizo. Faida huonekana meza zikiwa nyingi.

Lakini hatari kubwa zaidi ni hii: ashikaye seva ndiye ashikaye daftari la wanachama. Mwaka 1965 Wizara ya Fedha ilipata kompyuta ya kwanza ya nchi hii. Kazi haikwenda kama ilivyotarajiwa, na ujuzi ulikuwa mikononi mwa wageni. Mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Marufuku hiyo imekwisha zamani, ila somo lake lingalipo: anunuaye mashine bila ujuzi amenunua bwana wa kumtawala.

Basi tushike mambo mawili. Kwanza, tutumie programu huria, kama LTSP iliyoanza mwaka 1999, ambayo haidai ada ya leseni. Pili, kabla ya kulipa fedha ya mwisho, vijana wawili wa hapa hapa Mwandiga wafundishwe kuiwasha seva, kuitengeneza na kuirudisha ianguakapo, na maneno ya siri yakabidhiwe ofisi. Fundi asiyekubali sharti hilo tusimpe kazi, hata bei yake ikiwa ndogo.

Mtegemea cha nduguye hufa maskini. Uhuru na Kazi!