Helikopta Iliyogeuka Juu ya Paa
Sikutarajia kwamba hapa Busanza, Kigali, ndege zikishuka uwanja wa Kanombe juu ya vichwa vyetu, ningekuwa mpenzi wa tamthilia ya mazombi. Tena All of Us Are Dead ya Korea Kusini, iliyotoka Netflix Januari 2022: sehemu 12, damu kila ukuta, wanafunzi wa sekondari wakiraruana kwa meno. Wengi huku hutazama filamu kwa agasobanuye, msimulizi akiingiza utani wake kwa Kinyarwanda. Hii nataka kuisikia bila utani, kwa sauti za watoto wenyewe. Meno nimeyazoea, kilichoninyima usingizi ni pale wanafunzi wanapofika juu ya paa, helikopta ya jeshi inawajia, kisha inaamriwa kurudi na kugeuka wakiitazama. Wilaya yetu ya Kicukiro inajua kuachwa. Tarehe 11 Aprili 1994 wanajeshi wa Ubelgiji waliokuwa chini ya Umoja wa Mataifa waliondoka katika shule ya ufundi ya ETO, wakawaacha watu zaidi ya 2,000 waliokimbilia humo. Wengi waliswagwa hadi Nyanza, hapa hapa Kicukiro, na kuuawa. Siwezi kufananisha mchezo na mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi. Lakini naiheshimu tamthilia hii, na nimewasihi jirani zangu waitazame, kwa sababu haikumwachia zombi lawama yote: imetuonyesha ofisa aliyetoa amri, akijua kwamba walio juu ya paa ni watoto.