Mtoto anayejichafua hahitaji kiboko bali matibabu

MAMA mmoja alimleta mwanawe wa kiume, mwenye umri wa miaka 6, katika kliniki yangu hapa Nairobi. Kabla hata sijamuuliza lolote alisema: "Daktari, huyu ameamua kuniaibisha. Kila siku ananyea nguo. Mimi nimemchapa, babake amemchapa, hata shuleni amechapwa. Sasa wenzake wanamwita jina ambalo siwezi kulitaja." Mtoto alikuwa ameinama, mikono katikati ya magoti.

Nilipompapasa tumbo, upande wa kushoto chini ya kitovu, nilikuta bonge gumu. Kilikuwa kinyesi kilichokaa humo kwa muda mrefu. Nikamwambia mama kwamba mtoto wake amefunga choo. Alishangaa sana. "Atafungaje choo, daktari, na kila siku nafua nguo zake?"

Swali hilo huulizwa na wazazi wengi, na jibu lake ndilo lililonifanya niandike makala haya.

Kwa kawaida kinyesi kinapofika katika sehemu ya mwisho ya utumbo mpana, yaani rektamu, kuta zake hutanuka kidogo na neva hupeleka habari kwenye ubongo. Mtoto huhisi haja, huenda chooni na mambo huisha. Lakini siku moja choo huwa kigumu. Huenda alikuwa na homa akakosa kunywa maji ya kutosha, au amebadilishiwa chakula, au ameanza shule na anaogopa vyoo vya huko. Anapojaribu kwenda haja anaumia, pengine hata kuchanika kidogo. Tangu siku hiyo huamua kujizuia.

Mzazi humwona amesimama kwa ncha za vidole, amebana miguu, amejificha nyuma ya kochi. Hudhani anasukuma, kumbe anazuia. Kadiri choo kinavyokaa ndani ndivyo utumbo unavyofyonza maji yake na kukifanya kigumu zaidi. Baada ya wiki au miezi kadhaa rektamu hutanuka na kulegea kama lastiki ya soksi kuukuu, na mtoto hahisi haja tena. Kinyesi kipya ambacho bado ni majimaji hupenya kando ya bonge hilo na kuvuja. Mtoto hana habari mpaka nguo imechafuka. Hata harufu yenyewe pua yake imekwisha kuizoea.

Kwa hivyo mtoto akikuambia "sikusikia ikija", mwamini. Anasema kweli.

Miongoni mwa watoto wanaojichafua baada ya kutimiza miaka 4, zaidi ya 8 kati ya kila 10 shida yao huwa ni hii. Wavulana ndio walio wengi.

Wazazi hupenda kunikumbusha kwamba samaki hukunjwa angali mbichi. Methali hiyo siipingi. Lakini mtoto hawezi kufunzwa kwa kiboko jambo asilolihisi. Anachojifunza ni kuficha nguo chafu chini ya godoro na kukiogopa choo zaidi. Hofu hiyo humfanya azidi kujizuia, na akijizuia bonge huongezeka. Kiboko basi huzidisha ugonjwa. Isitoshe, viboko vilipigwa marufuku katika shule za Kenya mwaka wa 2001, na Kifungu cha 29 cha Katiba ya 2010 kinamlinda kila mtu, mtoto akiwemo, dhidi ya adhabu ya kupigwa.

Sisi madaktari nasi tuna lawama yetu. Nakiri kwamba katika miaka yangu ya kwanza kazini niliwapa watoto kama hawa dawa za minyoo na kuwarudisha nyumbani. Wengine hupewa dawa za kuzuia kuhara, kwa kuwa kinachoonekana ni majimaji. Dawa hizo hukaza choo na kuifanya hali kuwa mbaya zaidi. Hakuna aliyekumbuka kulipapasa tumbo.

Tiba ipo, na haina miujiza. Hatua ya kwanza ni kuliondoa bonge lililokwama. Daktari hutoa dawa ya kulainisha choo, kama vile makrogoli au laktulosi, kwa kipimo kinacholingana na uzito wa mtoto. Siku hizo za kwanza uchafu unaweza kuongezeka, na mzazi asishtuke. Tafadhali usimtie mtoto kipande cha sabuni katika njia ya haja kubwa, wala usimpe dawa ya watu wazima uliyonunua dukani. Utamwumiza na kumzidishia hofu.

Hatua ya pili ndiyo inayowashinda wengi. Dawa huendelea kutumiwa kwa miezi, mara nyingi 6 au zaidi, ili choo kiwe laini kila siku huku rektamu ikirudi katika hali yake. Wazazi huona nguo safi kwa wiki mbili, huacha dawa, na baada ya mwezi tunaanza upya. Dawa hizi hazimfanyi mtoto kuwa mtumwa wake wala hazilegezi utumbo. Kilicholegeza utumbo ni kile kinyesi.

Hatua ya tatu ni mazoea. Tumbo huamka baada ya chakula. Mwekee mtoto desturi ya kuketi chooni dakika 5 hadi 10 baada ya kiamsha kinywa na baada ya chakula cha jioni. Ikiwa choo ni cha kuketi, mwekee kigoda chini ya miguu ili magoti yawe juu kuliko nyonga. Mpongeze kwa kuketi, hata kama hakuna kilichotoka. Akichafuka, msafishe bila maneno mengi.

Chakula nacho kitazamwe. Watoto wengi wa mjini hushinda kwa mkate mweupe, chipsi na chai ya maziwa. Wape githeri, maharagwe, ndengu, sukuma wiki, viazi vitamu, papai na machungwa, pamoja na maji ya kutosha. Mtoto anayekunywa zaidi ya nusu lita ya maziwa kwa siku apunguziwe. Hata hivyo, chakula peke yake hakiwezi kuliondoa bonge ambalo limekwisha kukwama.

Walimu nao wana sehemu yao. Serikali imeagiza kuwe na choo kimoja kwa kila wasichana 25 na kimoja kwa kila wavulana 30. Tembelea shule nyingi za mitaani wakati wa mapumziko uone foleni ilivyo ndefu, milango isiyofungika na sakafu iliyolowa. Mtoto wa miaka 6 akiona hivyo hujizuia hadi jioni. Mwalimu anayemkatalia ruhusa ya kutoka darasani anasaidia kuutengeneza ugonjwa huu bila kujua. Nawaomba wazazi wanaohudhuria mikutano ya shule waulize habari za vyoo kama wanavyouliza habari za mitihani.

Zipo dalili zinazohitaji daktari bila kukawia: mtoto aliyechelewa kupata choo chake cha kwanza kwa zaidi ya saa 48 baada ya kuzaliwa, tumbo lililofura, kutapika nyongo, damu nyingi katika choo, kutoongeza uzito, au udhaifu wa miguu. Na mtoto aliyekuwa safi kwa muda mrefu, kisha akaanza kujichafua ghafla, aulizwe kwa upole ni nini kimemfika. Wakati mwingine kuna msiba, kuna ugomvi nyumbani, au kuna mtu anayemtendea ubaya.

Yule mtoto wa miaka 6 alichukua miezi 7 kupona, na mara mbili alirudi nyuma. Mara hizo mbili mamake alikuja kwangu kuuliza kipimo cha dawa, wala hakushika kiboko. Mzazi mwenzangu, ukikuta nguo chafu leo jioni, ulizia kwanza mwanao alipata choo kikubwa na laini lini mara ya mwisho. Ikiwa hakuna anayekumbuka, mlete kliniki.